Panua Ufa Kwanza

Ufa wa usukani wa lori kuukuu la jeshi hauji mahali popote tu. Huanzia pale spoki inapoingia kwenye duara, upande ule ambao dereva huushika zaidi, kisha hutambaa kuzunguka unene wa duara hadi ncha zake zikutane. Hapa kwetu Kenya upande huo aghalabu ni wa kulia: mkono wa kushoto una kazi ya gia, wa kulia haubanduki. Lori likiwa limejaa mchanga wa mto na barabara ya murram imelowa, dereva huvuta usukani kwa uzito wa mwili mzima, maana magari haya hayana pampu ya kumsaidia kukata kona. Anapovuta, duara hunyumbuka kidogo na ufa hufunguka. Anapolegeza, hujifunga. Ngozi ya kiganja ikiwa katikati hubanwa barabara. Dereva aliyebanwa hujifunza kushika kwingine, na hatari huanzia hapo, kwa kuwa mkono unaouogopa usukani hauwezi kuuongoza vyema.

Nataka kumsifu fundi anayeuziba ufa huo. Fundi wa injini ana sifa zake na anazistahili. Huyu wa usukani hufanya kazi isiyo na mngurumo, na ikiisha vizuri hakuna anayeiona. Hata hivyo ni yeye anayeshughulikia sehemu pekee ya lori ambayo mtu huigusa kutwa nzima, na kazi yake inadai ujasiri ambao sijauona katika kazi nyingi zinazolipwa zaidi.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Usukani wa malori ya wakati wa vita, na wa miaka mingi baadaye, una tabaka mbili. Ndani kuna chuma: pete na spoki zake, zilizolehemewa kwenye kitovu. Nje umevikwa eboniti, au moja ya plastiki za mwanzo mwanzo za jamii ya Bakelite, ile aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907. Eboniti ni mpira. Tangu Charles Goodyear agundue mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa hukakamaa, watu wamekuwa wakicheza na vipimo: mpira wa tairi hutiwa salfa sehemu 2 au 3 hivi kwa mia, eboniti hutiwa hata 30 na zaidi. Kinachotoka ni kitu kigumu, cheusi, kinachong'arishika, kisichoteleza mkononi hata mkono ukitoka jasho. Kwa usukani kilifaa sana.

Kasoro yake ni kwamba hakipatani na chuma kilicho ndani yake. Joto likipanda vyote viwili hutanuka, lakini eboniti hutanuka mara 5 kuliko chuma, au hata zaidi. Baridi ikirudi, eboniti hutaka kunywea na chuma hukataa. Sasa fikiria siku ya kawaida hapa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ikweta iko hapo kusini kidogo tu, na mvua ya mwaka hufikia karibu milimita 2,000. Asubuhi jua huwaka kwenye kioo cha mbele hadi usukani haushikiki. Saa tisa au saa kumi alasiri wingu hutoka upande wa msitu, radi hupiga, na kila kitu hupoa kwa dakika chache. Hilo hutokea siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Wafinyanzi wa Ilesi, hapo tu kwenye barabara ya kwenda Kisumu, wanalijua jambo hili kwa vyungu vyao: hukausha polepole kivulini, kwa kuwa udongo wa nje ukinywea kabla ya ule wa ndani, chungu hupasuka hata kabla ya kuona moto. Mfinyanzi anaweza kusogeza chungu kivulini. Lori la mchanga halina kivuli.

Mwanga nao una lake. Huishambulia ile salfa ya eboniti usoni, na unyevu ukiongezeka hutokea asidi kidogo. Ndiyo sababu usukani wa zamani haubaki mweusi, bali hugeuka kahawia yenye ukijani. Mpasuko mdogo ukishatokea, maji na jasho huingia hadi kwenye chuma, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kutu hiyo husukuma eboniti kutoka ndani. Anayetazama ufa na kudhani ni mchubuko wa ngozi ya juu amedanganyika, kwa sababu kufikia siku unapoonekana wazi, ugonjwa umeshafika mfupani.

Malori haya yamefikaje katika mkoa wa miwa na mahindi? Kakamega ilizoea lori mapema, tangu dhahabu ilipovumbuliwa mwaka 1931 na wachimbaji wakamiminika, na mgodi wa Rosterman ukahitaji mashine na mizigo. Lakini dereva mwenyewe, dereva mzalendo, alitengenezwa zaidi na vita. Karibu Wakenya 100,000 waliingia jeshini kati ya 1939 na 1945, na wengi walifundishwa kushika usukani katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Majeshi yalitoka Kenya, yakapitia Kismayu na Mogadishu, yakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, mvua za masika ya Asia zikinyesha na njia zote zikiwa matope, na mwezi wa Desemba mto Chindwin ukavukwa. Walioendesha katika safari hizo waliendesha magari ya aina hii: Bedford QL zilizoanza kutoka viwandani mwaka 1941, na magari ya Canada, nchi iliyounda zaidi ya 800,000 kwa ajili ya vita hivyo.

Waliporudi, wapo waliotia akiba yao ya jeshi katika lori lililouzwa na jeshi lilelile. Na baada ya uhuru mwezi Desemba 1963, batalioni za King's African Rifles zilipogeuka kuwa Kenya Rifles, magari ya Kiingereza hayakuondoka na bendera ya Kiingereza. Lori la jeshi likimaliza muda wake hupelekwa mnadani, hupakwa rangi nyingine, huanza maisha ya pili. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, gari ambalo magurudumu yote huvuta lilikuwa na thamani yake katika shamba lililolowa. Bado lina thamani hiyo katika njia za mchanga na mbao.

Spea ndizo shida. Mwaka 1987 General Motors iliuza kiwanda cha malori ya Bedford kilichokuwa Dunstable, Uingereza, na tangu hapo mwenye Bedford ya jeshi huishi kwa kuvua mavazi ya marehemu. Ukienda barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utapata sukani za Isuzu na za Fuso, nzuri na nafuu, lakini meno ya kitovu hayaingiani na meno ya shafti. Wapo wanaokata kitovu cha zamani na kukilehemea kwenye usukani mgeni. Mimi nasema wazi kwamba hilo ni jambo la kuogofya, na mwenye kulifanya hajawahi kutelemka mlima akiwa na tani za mchanga nyuma yake. Kwa hiyo usukani wa asili, ukiwa na ufa, ni mali. Ndipo anapoingia fundi.

Yule ninayemjua ana gereji ya jua kali kando ya barabara ya kwenda Mumias: mabati, mti wa mwembe, benchi lenye jiliwa. Nitamwita fundi tu, kwa kuwa hajaniomba nimtangaze. Dereva hufika na haraka yake.

“Mulembe, mzee. Nitilie gundi hapa tu, nirudi mtoni, wapakiaji wananingoja.”

“Mulembe, kijana wangu. Gundi haishiki uchafu. Utaliacha lori hadi kesho kutwa.”

Hapo ndipo kazi inapoanzia, kabla ya chombo chochote kushikwa: kumshawishi mwenye njaa asubiri. Kisha fundi hutoa waya wa betri, hufungua kifuniko cha honi, hufichua nati kubwa ya katikati. Kabla hajailegeza huweka magurudumu ya mbele sawasawa na kupiga alama mbili ndogo, moja kwenye shafti na moja kwenye kitovu, ili usukani urudi kwenye jino lilelile ulilotoka. Usukani ukigoma kutoka huuvuta kwa pula. Kamwe hapigi shafti kwa nyundo, maana pigo hilo husafiri hadi kwenye boksi la usukani na kuharibu kitu kizima kwa ajili ya kilichopasuka.

Halafu ni maji ya moto, sabuni na brashi. Hushangaza uchafu unaotoka: jasho, grisi, vumbi jekundu, ugali wa miaka. Usukani ukikauka, hupaka unga wa chaki duara zima na kuufuta kwa kitambaa kikavu. Chaki hutoka kwenye eboniti nzima na kubaki ndani ya kila mpasuko, hata ule mwembamba ambao jicho lilikuwa limeukosa. Dereva aliyekuja na ufa mmoja huonyeshwa mistari myeupe kadhaa.

Sasa kinakuja kitendo ninachokiheshimu kuliko vyote. Wahenga walituhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, na walisema kweli, ila hawakutueleza kazi yenyewe inaanzaje. Inaanza kwa kuupanua. Fundi huchukua kipande cha msumeno wa chuma, kisha tupa ya pembe tatu, na kuufuata ule mstari, akiuchimba, akiutanua juu na kuufinya chini, hadi ncha ya tupa iguse chuma na mlio ubadilike. Kilichokuwa uzi sasa ni mfereji. Dereva akitazama hukunja uso, kwa sababu machoni pake usukani wake unaharibiwa na mtu anayelipwa kuutengeneza. Lakini ufa ulioachwa mwembamba hauna pa kushikia. Gundi hukaa juu yake, hukauka, hupendeza, na kona ya kwanza yenye mzigo huung'oa wote. Ni lazima pawepo kuta mbili safi, na sakafu ya chuma kisicho na kutu, ndipo dawa iwe na mahali pa kukaa.

Inahitaji moyo. Kuna wakati katika kazi hii ambapo kitu kiko katika hali mbaya zaidi kuliko kilipoletwa, na aliyekifikisha hapo ni fundi mwenyewe, na hawezi kurudi nyuma. Fundi asiye na uhakika hukwepa wakati huo. Hupitisha tupa juu juu, hujaza, hupaka rangi, hupokea pesa. Fundi wa kweli hukaa ndani yake bila pupa: hukwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, hufuta kwa spiriti, hagusi tena pale kwa kidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi peke yake yanatosha kuharibu.

Vumbi jeusi lililodondoka wakati wa kupiga tupa halitupwi. Amelikusanya juu ya gazeti. Gundi ni ile ya mirija miwili, epoksi, ambayo kila mrija peke yake haukauki kamwe na ikichanganywa hugandana ikitoa joto lake yenyewe. Huchanganya kidogo kidogo, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa wingi wake ukizidi kwenye kopo joto hupanda na kuigandisha kabla haijatumika. Humo hukoroga lile vumbi la eboniti, likaupa mchanganyiko uzito na rangi, na usukani ukazibwa kwa sehemu ya mwili wake wenyewe. Husindilia kuanzia chini, pembeni mwa chuma, akifukuza hewa, hadi kijazo kipande juu kidogo ya uso wa duara. Kisha hufunga kwa ukanda wa plastiki na kuuacha.

Huifanya kazi hii asubuhi. Hali ya hewa ya hapa haina huruma kwa epoksi: unyevu wa jioni ukiikuta mbichi, hutoa utando wa mafuta mafuta juu yake, na msasa ukipita hapo huziba na rangi haishiki. Ikitokea, utando huo huoshwa kwa maji na sabuni kwanza. Nimewaona mafundi waliokuja kutoka miji mikavu wakilaani gundi yenyewe kwa jambo ambalo wa Kakamega hulimaliza kwa kitambaa chenye maji.

Wengi watauliza kwa nini taabu hii yote ilhali kuna njia fupi. Njia fupi ya kwanza ni fila ya kunyoosha bodi. Hukauka upesi, hupigwa msasa upesi, na kwenye mlango wa gari haina neno. Kwenye usukani unaonyumbuka hukatika. Njia ya pili ni kava, iwe ya ngozi bandia iliyoshonwa au utepe wa tyubu uliozungushwa. Hii ndiyo ninayoipinga zaidi. Kava huficha ufa na kuutunzia unyevu, kutu ikaendelea kula gizani, na dereva hupewa amani asiyostahili kuwa nayo. Sina ugomvi na kava juu ya usukani mzima. Juu ya usukani uliopasuka ni pazia.

Siku ya pili ni siku ya vidole. Kwa upande wa chini, duara la sukani nyingi za zamani lina mawimbi, bonde kwa kila kidole, na ufa mara nyingi umepita katikati ya wimbi. Fundi huanza na tupa nusu duara, kisha msasa mkavu wa 80, wa 120, wa 240, halafu wa 400 pamoja na maji. Lakini msasa ni msaidizi. Kipimo ni kiganja. Hufumba macho na kuzungusha usukani mikononi, taratibu, akitafuta mpaka kati ya cha zamani na kipya. Jicho huridhika mapema. Kidole husikia ukingo mwembamba kuliko unywele, na dereva atakaa na ukingo huo siku nzima hadi umchubue. Fundi hurudi kwenye msasa. Nimemwona akirudi wakati mimi, niliyegusa palepale, nilikuwa tayari kuapa kwamba pamekwisha.

Na pale ambapo eboniti ya zamani imelika kwa mkono wa kulia wa madereva waliopita, haongezi kitu. Hulinganisha kiraka chake na ulikaji ule. Tukibishana nitakuwa upande wake: angeweza kurudisha duara kwenye umbo la kiwandani, lakini mkono wa dereva wa leo umezoea umbo lililopo. Rangi nayo huipaka nyembamba, nyeusi isiyometameta sana, mara mbili au tatu na muda wa kukauka kati yake, kwa kuwa rangi nene hukatika na yenye kung'aa huteleza.

Yapo anayoyakataa. Akifika kwenye chuma na kukuta kutu imekila hadi kimekonda, au maungio ya spoki na kitovu yameachia, hukomesha kazi na kumwita dereva aje aone. Kijazo hakibebi mzigo. Chuma ndicho kinachoshikilia mkono wa mtu na magurudumu yake, na eboniti ni vazi lake tu. Basi dereva huambiwa atafute usukani mwingine kutoka kwenye gari lililokufa, hata kama ni wiki mbili za kungoja na hasara ya mchanga usiochukuliwa. Kuna dereva aliyekasirika, akabeba usukani wake kwenda kwa mwingine. Fundi hakumfuata wala hakumtukana. Aliniambia tu, “Nikimfunikia hapo, nimemwandalia ajali kwa mkono wangu.”

Kakamega ina Sigalagala National Polytechnic, ina vijana wanaokwenda kufanyiwa majaribio ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, wapande kutoka daraja la 3 hadi la 1. Ninatamani kazi ya namna hii ipate nafasi katika mafunzo yao, hata wiki moja: chaki, tupa, epoksi, na kile kipimo cha macho yaliyofumbwa. Malori ya Bedford yatakwisha. Lakini kijana aliyefundishwa kuchimba hadi kwenye chuma kabla ya kujaza atakuwa na mkono huo kwenye boriti ya daraja, kwenye tangi la maji, kwenye kitanda cha hospitali. Nao wazee wanaoujua ufundi huu hawataandika kitabu. Wanaufundisha kwa kumpa mtu tupa na kumwacha aharibu kipande cha usukani uliotupwa.

Usukani ukirudishwa, alama mbili hukutanishwa, nati hukazwa, honi hujaribiwa. Fundi huuzungusha hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto gari likiwa limesimama, ambapo mvutano ni mkubwa kuliko njiani, huku kidole chake kikiwa juu ya kiraka. Kisha dereva hupewa masharti yake: asiusafishe kwa petroli wala thina, aufunike kwa gunia akiegesha juani, na mvua kubwa zikiisha aurudishe kukaguliwa. Fundi atauangalia penye miguu ya spoki kwanza, kwa kuwa ufa mwingine ukija utaanzia hapo.